Kukimbia Sekei, Chini ya Mlima Meru

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha, akisha kuipita Usa River na Tengeru, huuona mlima Meru ukimwandama kwa mkono wa kuume, na kila pindo la barabara humdanganya kuwa sasa amefika mguuni pake, kumbe bado. Mlima ule, ambao kimo chake chapita mita 4,500, hauna desturi ya kujionyesha wote kwa siku moja. Asubuhi huvaa kilemba cha mawingu, adhuhuri hujifunika gubigubi, na jioni, Mwenyezi Mungu akipenda, hukifunua kilele chake kwa dakika chache kabla ya Magharibi. Mahali pale ambapo barabara kuu ya Moshi na Nairobi inaupita mji wa Arusha, upande wake wa juu, ndipo ilipo Sekei: mtaa wa nyumba za matofali na migomba iliyobanana, ulioanzia barabarani ukapanda taratibu kuelekea Ilboru na Moivo, hata mtu asijue ni wapi mji umekoma na shamba limeanza.

Sisi tunaoandika habari hizi ni wakaaji wa hapo, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa wakimbiaji. Twamwomba msomaji asije akatufikiria makubwa. Hatujapata medali ila zile zitolewazo kwa kila mtu afikaye mwisho, na hata hizo watoto wa nyumbani wameshawavisha mbuzi. Kazi yetu ni ya mezani, umri wetu umevuka arubaini, na mwendo wetu ni ule ambao kijana wa shule aliyechelewa kengele hutupita huku anatafuna andazi. Walakini tumeona ya kuwa mengi yameandikwa juu ya mabingwa, na machache sana juu ya watu wa namna yetu, waamkao gizani wakakimbia bila ya kufukuzwa na mtu, kisha wakarudi wakaoga wakaenda kazini. Basi tumependa kuwasimulia wasomaji, hasa vijana na wazazi wao, namna njia za Sekei zilivyo, na jambo lililotukia nyumbani kwetu kwa sababu ya njia hizo.

Kwanza hewa. Mji wa Arusha umeinuka juu ya bahari kadiri ya mita 1,400, na mitaa ya juu ya Sekei imeinuka zaidi ya hapo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na kila pumzi aivutayo mtu humletea oksijeni pungufu kuliko ile aipatayo mtu wa pwani. Mwili ukikaa katika hali hiyo kwa majuma na miezi hujirekebisha wenyewe, ukaongeza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zichukuazo oksijeni na kuifikisha kwenye misuli. Hiyo ni sababu moja ya wakimbiaji wa masafa marefu kuzipenda nchi za juu. Tulipata kujiwa na ndugu yetu mmoja kutoka Tanga, kijana hodari wa mpira, naye usiku wa kwanza alitucheka sana, akisema haya ni maajabu, wazee wa Sekei kujiita wanariadha. Alfajiri tulipanda naye. Hatukwenda mbali na barabara kuu kabla hajashika kiuno, akauliza kama huku kwenu hewa nayo hukatwa kama umeme. Lakini tulipomtembelea Tanga baadaye alilipiza kisasi, maana jua la saa mbili asubuhi na unyevu wa bahari vilitutoa jasho hata fulana ikawa kama iliyotolewa kisimani, na yeye yu mbele yetu anaimba.

Desturi yetu ni kutoka baada ya sala ya Alfajiri, yapata saa kumi na mbili kasorobo, wakati ambapo giza halijaondoka ila limeanza kulegea. Njia tuipendayo huanza penye barabara kuu, ikapanda katikati ya Sekei, ikayaacha maduka ambayo hayajafunguliwa, ikaingia migombani. Huko juu lami hukoma, na udongo huanza. Udongo mweusi, laini, uliotokana na majivu ya mlima, kwani Meru ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa vumbi jepesi kama unga, likaingia katika kila tundu la kiatu. Na wakati wa masika huwa utelezi wa kumbwaga mtu mzima mwenye heshima zake mbele ya watoto wa jirani. Kahawa imepandwa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu, na katikati yake hupita mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa zamani, ambayo mkimbiaji hana budi kuiruka. Ukizidi kupanda, nyumba hupungua, baridi huzidi, na mwisho huonekana ukingo wa msitu wa hifadhi, mweusi kama ukuta. Hapo sisi hugeuka.

Kupanda ni taabu ya mapafu, na kushuka ni taabu ya magoti. Vijana hudhani kuwa kushuka ni mapumziko, wakaachia miguu ikaenda itakavyo. Siku ya pili utawaona wakishuka ngazi kinyumenyume. Mwinuko wa Sekei wataka hatua fupi, mwili ulioinama kidogo, na macho yaangaliayo hatua tano mbele, si kileleni. Ukikitazama kilele utakata tamaa, maana hakisogei.

Tena njia ile haikufanywa kwa ajili yetu. Saa hiyo ya alfajiri ina wenyewe. Kina mama wa Kiarusha wanateremka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani na galoni za maziwa mkononi, wapate kuwahi wanunuzi wa mapema. Mafundi wa ujenzi wanateremka na vyombo vyao begani. Watoto wa shule wanateremka na madaftari na fagio. Wote hao wanakwenda kwa miguu kwa sababu hawana budi. Sisi peke yetu ndio tunaopanda wakati wao wanashuka, tena kwa hiari, tena mikono mitupu. Mwanzoni walitutazama kama watazamavyo kichaa wa mtaa, kwa huruma na tahadhari.

Mzee mmoja wa huko juu ndiye aliyetufunulia siri ya njia hiyo. Alisimama katikati ya kijia na fimbo yake, akatuzuia, akasema: "Bwana, mtu akimbiaye gizani kimya kimya ni mwizi, au anafukuzwa na mwizi. Ukipita, sema." Tangu siku hiyo tumekuwa tukisema. Akina baba na akina mama wenye umri tunawapa shikamoo yao, na akina mama wa Kiarusha tunawaambia "Takwenya," nao huitikia "Iko" kwa sauti iliyovutwa ambayo husikika mpaka bondeni. Msomaji ambaye hajapata kujaribu kuamkia watu ishirini huku anapanda mlima mbio hawezi kujua gharama yake. Kila salamu ni pumzi moja, na pumzi ndiyo mali yenyewe. Tumejifunza kuiweka tayari tangu mbali, tukaitoa kwa mkupuo mmoja tunapofika, na marahaba ikatufuata nyuma mgongoni. Wale wenye saa za kupimia mwendo hulalamika kuwa salamu huwapotezea sekunde. Sisi twasema, sekunde hizo ndizo zinazotupatia ruhusa ya kupita.

Siku za Jumapili hubadili njia, tukateremka barabara kuu. Kati ya Sakina na Tengeru, mwendo wa kilomita zipatazo 14, barabara hiyo imepanuliwa ikawa ya njia nne, na kwa wenye magari imekuwa neema kubwa. Kwa mkimbiaji imekuwa neema nusu. Lami ni nzuri, walakini pikipiki za bodaboda hazitambui upande wa kwenda wala wa kurudi, na dereva wa daladala akimwona abiria hukata kona kama aliyeona dhahabu. Kanuni yetu ni kukimbia kwa kuyaelekea magari yajayo, tukiyaona nayo yakituona, na kuvaa nguo nyeupe gizani. Jumapili hizo vikundi vya jogingi hutoka kwa makumi, vijana na watu wazima, wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba nyimbo za kuitikiana, mmoja ana filimbi na mmoja ana bendera. Huwezi kuwapita ukanyamaza. Utajikuta umeitikia kibwagizo usichokijua.

Na mara chache, kwa bahati, hupitwa na wale wenyewe. Hutasikia nyimbo wala filimbi. Utasikia viatu tu, chapu chapu chapu, kama mvua ianzayo juu ya bati, kisha watu sita au saba wembamba watakupita kama kwamba wewe ni mti wa njiani, wakazungumza kwa utulivu wakati wewe huwezi kutamka jina lako. Hao ndio wakimbiaji wa kweli, waliotoka Mbulu na Karatu na Hanang' na Singida, wakaja kufanya mazoezi katika nchi hii ya Arusha.

Wazazi wengi wa siku hizi hawazijui habari za watu hao, na watoto wao hawajui kabisa, hali wanawajua wachezaji mpira wa Ulaya mpaka namba za viatu vyao. Filbert Bayi wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch nchini New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia, tena kwa kuongoza tangu mlio wa bastola hata mwisho, jambo ambalo wajuzi walilihesabu kuwa ni wazimu. Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na Bayi mwenyewe akapata ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kisha ikaja miaka mingi ya kusubiri, ambayo ndani yake watu walizoea kusema kwamba mbio zimehamia kwa jirani zetu wa Kenya na Ethiopia. Hata mwezi wa Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, aliyefanya mazoezi yake kwa miaka katika nchi hii, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa saa hizo hizo, dakika hizo hizo, na sekunde hizo hizo. Ilibidi picha itazamwe. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu katika sehemu mia za sekunde moja, baada ya kilomita 42, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Asubuhi ya siku hiyo bodaboda wa kituo chetu, ambao hawajapata kukimbia ila kumkimbia askari wa barabarani, walikuwa wakibishana juu ya namna ya kutanguliza kifua kwenye utepe.

Lakini sisi wa mkiani tuna bingwa wetu wa peke yetu, naye ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliumia goti njiani, akaendelea nalo limefungwa bandeji, na alipoingia uwanjani mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa nzima iliyopita, na jua limekuchwa. Akhwari alikuwa wa mwisho kuandikwa. Kisa chake husimuliwa shuleni kwa kuwasifia watoto ushujaa, nasi hatuna neno. Ila watu husahau kuwa hakuwa mtu dhaifu aliyejikongoja, bali alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora wa Afrika wa zama zake. Mtu hodari kukubali kuonekana wa mwisho mbele ya dunia ni jambo zito kuliko mtu kama sisi, ambaye hata asipoumia atafika wa mwisho.

Mjini, karibu na kituo cha mabasi, upo uwanja unaoitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, ambamo mashindano ya riadha yamepata kufanyika. Vijana wengi hudhani mwenye jina hilo alikuwa mchezaji. Alikuwa mshairi, aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri, akafariki mwaka 1964. Tukipita nje ya ukuta wake twapenda kuwaambia watoto kwamba mizani ya shairi na mizani ya hatua ni ndugu. Hawatuamini.

Wengi hutuuliza juu ya gharama. Jibu ni kwamba gharama iko katika viatu, na viatu viko mitumbani. Katika soko la Kilombero mtu mwenye subira hupata raba nzuri za kukimbilia, zilizovaliwa Ulaya kwa miezi michache zikatupwa. Usizitazame juu, zigeuze. Soli iliyoliwa upande mmoja itakuharibia goti. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikibonyea kisirudi, mrudishie mwenyewe. Mengineyo ni maji, ndizi, uji, na usingizi wa mapema, ambao katika nyumba yenye televisheni ndio ghali kuliko vyote.

Sasa tufike kwenye lile jambo la nyumbani. Tunaishi na mama yetu mzazi, ambaye watoto wote humwita Bibi, na binti wa marehemu kaka yetu, mwanafunzi wa chuo, umri wake miaka kumi na tisa. Siku moja binti huyo alituambia: "Baba mdogo, kesho niamshe, nami nataka kwenda." Tukamwamsha. Alivaa suruali pana, fulana ya mikono mirefu na ushungi uliofungwa vizuri, akatufuata mpaka kwenye mfereji wa kwanza, akarudi akikohoa. Kesho yake alikuja tena. Katika juma la tatu Bibi alitambua kuwa binti hatoki kwenda dukani kununua mkate, ndipo nyumba ikawaka moto.

"Mwana wa watu akimbia," alisema Bibi, "akimbilia nini? Na wamwonao watamwambia ametoka wapi saa hiyo?"

Tungependa wasomaji waelewe hoja yake vilivyo, maana ni rahisi kwa vijana kuwacheka wazee. Bibi hakuleta hoja ya dini. Kisa cha Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), akashindwa mara ya kwanza na kushinda mara ya pili miaka ikiwa imepita, yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia tukiwa watoto wadogo Tanga, na kila mara alikuwa akicheka afikapo mwisho. Wala hakuwa na neno juu ya mavazi. Hofu yake ilikuwa giza, walevi warudio nyumbani alfajiri, mbwa, bodaboda, na ulimi wa watu, ambao kwa msichana ni mbwa mkali kuliko wote. Binti alimwonyesha kwenye simu picha ya Sifan Hassan, yule mwanamke Mwislamu aliyezaliwa Ethiopia akakimbilia Uholanzi kama mkimbizi angali mdogo, ambaye tarehe 11 Agosti 2024 alishinda marathoni ya wanawake katika Olimpiki ya Paris, kisha akasimama kupokea dhahabu yake hali amevaa hijabu. Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu, akaivuta karibu na miwani yake, akasema ni mwanamke mzuri, Mungu amzidishie. Kisha akarudisha simu. "Huyu nyuma yake ana serikali. Wewe nyuma yako una nani?"

Binti hakuwa na jibu, nasi vilevile. Kwa majuma mawili hakutoka.

Jibu lililetwa na mama wa maziwa. Huyu ni mama wa Kiarusha wa huko juu, ambaye hutuletea maziwa lita mbili kila asubuhi, na hupenda kukaa kidogo kibarazani kwa Bibi apumzishe miguu. Asubuhi hiyo aliuliza: yule msichana wenu wa shungi, mbona haonekani, je, anaumwa? Bibi akamwuliza amemjulia wapi. Mama akasimulia, na hapo ndipo sisi pia tulipopata kuisikia habari ambayo binti hakututajia. Siku moja binti alikuwa ametutangulia, sisi tu nyuma ya kona tunatafuta pumzi, na vijana wawili waliokesha vilabuni wakamkingia njia na kuanza maneno yao. Mama wa maziwa alikuwa anashuka na wenzake watatu. Walitua mizigo chini. Hakueleza kwa urefu walichowaambia vijana wale, ila alisema mmoja wao alimfahamu mama yake, na akamwahidi kwamba mama huyo atazipata habari kabla jua halijachomoza. Vijana waliondoka kwa upole sana. "Yule ni mtoto wetu," alimwambia Bibi. "Hupita kila siku, akatuamkia mmoja mmoja, hata mimi mwenye mzigo simwoni lakini namsikia. Wa kwenu wengine hupita kama mbuzi."

Bibi hakusema kitu. Alimwongezea chai. Jioni alituita, akauliza habari za njia yote, tangu barabarani hata msituni: nani hukaa wapi, mbwa wa nani hufungwa na wa nani hafungwi, mama gani hushuka saa ngapi. Alikuwa kama jemadari. Mwisho akatoa masharti yake: binti asitangulie mpaka kuwe kweupe, asivae vidude vya muziki masikioni, na kila arudipo apite kwake kwanza, amwambie ameonana na nani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na ikawa kila siku saa moja asubuhi Bibi anapewa habari za mlima mzima, ng'ombe aliyezaa, mzee aliyelazwa, ukuta uliojengwa. Hata baada ya mwezi alikuwa anaijua Sekei ya juu kuliko sisi tunaoikanyaga.

Mwezi wa Februari tulikwenda Moshi, kwenye mashindano yafanywayo huko tangu mwaka 2003 mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ambayo huanzia na kuishia katika uwanja wa Ushirika. Tulijiandikisha wote wawili katika nusu marathoni, yaani kilomita 21. Tulilala kwa jamaa, tukasali Alfajiri, tukala ndizi na tende alizotufungia Bibi, tukajongea katika umati ambao hatujapata kuona mfano wake: watu wa mataifa, askari, wanafunzi, wazee wenye mvi, vipofu wanaoshikwa mkono. Hapo mwongo wa mazoezi hujulikana. Njia hutoka mjini ikapanda kuelekea Mweka, na nusu ya kwanza karibu yote ni mwinuko wa pole pole usiokoma, katikati ya migomba na kahawa, na kina mama wa Kichaga wamesimama malangoni wakipiga vigelegele. Wengi waliotoka kwa kasi bondeni tuliwakuta wanatembea. Sisi tuliona tuko nyumbani. Migomba ile ile, udongo ule ule, na Kibo badala ya Meru.

Binti alikuwa mbele yetu kwa hatua mia, na jambo moja lilituchekesha hata tukapoteza pumzi. Alikuwa anaamkia. Kila bibi aliyesimama langoni alipewa shikamoo yake, na mabibi wale, ambao tangu alfajiri walikuwa wamepitwa na maelfu ya watu bila ya neno, waliitikia kwa mshangao kisha wakaamka kama moto uliotiwa mafuta. "Marahaba mwanangu! Nenda, nenda, mama!" Tulipopita sisi nyuma yake tulipokea mabaki ya shangwe ambayo hatukuyafanyia kazi. Kwenye kugeuka alitutoka kabisa. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 19, nasi tukafika dakika kumi na tano baadaye, tukamkuta amekaa majanini, viatu amevua, malengelenge mawili, anampigia simu Bibi na kumtajia waliomwitikia.

Kuna jambo ambalo wazazi hutuuliza juu ya mbio hizi za mijini. Ni kweli kwamba katika baadhi ya mbio za nchi yetu wadhamini ni watengeneza pombe, na jina la kinywaji huandikwa kifuani mwa fulana ya kila mshiriki. Kinachotakiwa na waamuzi ni namba tu, ionekane mbele. Vijana wengi wa Kiislamu huvaa fulana zao wenyewe wakabandika namba juu yake, na wengine huigeuza ile waliyopewa, ndani ikawa nje. Hatujapata kuona mtu aliyeondolewa mashindanoni kwa hilo.

Katika Ramadhani hatuachi kukimbia, ila tunapunguza na kubadili saa. Hutoka yapata dakika arubaini kabla ya Magharibi, kwa mwendo wa kuzungumza, njia tambarare, tusipande. Ili kiu ikija, adhana nayo iwe karibu. Mwenye maradhi ya sukari au ya figo asijaribu bila ya kumwuliza tabibu. Hata hivyo tukirudi wakati huo, harufu za futari zinatoka katika kila nyumba ya mtaa, na tumegundua kuwa hapana dawa ya kuongeza kasi iliyo kubwa kuliko harufu ya sambusa.

Miaka hii viwanja vya Sekei ya juu vinauzwa, na kuta zinapanda. Vijia vitatu tulivyovizoea vimekwisha zibwa kwa malango ya chuma, na migomba iliyokuwa kando yake imekatwa. Mwenye mali ana haki na mali yake. Ila kina mama wa maziwa nao sasa huzunguka mbali, na kwa mtu mwenye galoni mkononi mzunguko huo si mchezo kama ulivyo kwetu.

Msomaji atakayepita Arusha akapenda kukimbia nasi, na afike kwenye njia panda ya Sanawari saa kumi na mbili kasorobo, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, ambayo tunapumzika. Avae sweta jepesi, kwani mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya hapo humwuma mtu wa pwani mpaka meno. Achukue sarafu kidogo za kununulia ndizi wakati wa kushuka. Mbwa wa nyumba ya tatu baada ya mfereji hafungwi, lakini akiitwa kwa jina lake, Simba, hurudi. Na binti yetu atakuwa mbele, asijaribu kumfuata.